Nilivyojifunza kukaa kimya mbele za Mungu nikiwa na marejesho na mdogo wangu yuko ziwani

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Naandika kuhusu kutafakari Neno kwa maombi, kule kukaa na mstari mmoja wa Biblia mbele za Mungu bila haraka, kwa sababu nimeona watu wengi wa kanisa letu tunaijua kwa jina tu. Mimi ni mlokole, nimekulia hapa Mwanza, na maombi niliyoyajua tangu niokoke ni ya sauti. Unasimama, unatembea tembea, unakemea, unalia, mkesha wa Ijumaa mpaka jogoo awike. Nayapenda maombi hayo na sijayaacha mpaka leo. Ila kuna kipindi nilifika mahali nikimaliza kuomba lisaa lizima naondoka na hofu ileile niliyokuja nayo, tena wakati mwingine imeongezeka, maana lisaa lote nilikuwa namsimulia Mungu mabaya yanayoweza kutokea na kadiri ninavyoyasema ndivyo ninavyoyaona. Ni kama hofu yenyewe ndiyo ilikuwa inaomba kwa kutumia mdomo wangu, mimi mwenyewe sikuwepo.

Kazi yangu ni dagaa. Nachukua mzigo kutoka visiwani, Ukerewe, Ukara, saa nyingine Goziba, nauza Kirumba pale soko la Mwaloni, kuna wateja wa hapahapa na kuna wanaosafirisha mpaka Kongo. Anayeijua hii biashara anajua kwamba kila kitu ndani yake kiko nje ya mikono yako. Dagaa wanavuliwa usiku kwenye giza, kwa taa, sasa mwezi ukiwa mpevu ziwa zima lina mwanga, dagaa hawakusanyiki kwenye taa, mitumbwi inapumzika na wewe unakaa bila mzigo. Giza likirudi unaomba upepo usiwepo. Wakishavuliwa unaomba jua, maana wanaanikwa mchangani, juu ya nyavu au kwenye mawe, na mvua ikinyesha siku mbili mfululizo dagaa wanalainika, wanabadilika rangi, wanaanza harufu, hapo hakuna tena dagaa wa kula, unauza kwa watu wa chakula cha kuku kwa bei yoyote watakayotaja. Huku mtaji ni wa mkopo. Na mkopo wenyewe ni ule wa riba kubwa tunaouita kausha damu, nadhani sihitaji kuueleza zaidi kwa mtu aliyewahi kuusaini.

Masika fulani mvua haikuacha. Mzigo ukaharibika, nikakopa pengine ili nirejeshe kule, halafu nikatoa cha kikoba kurejesha pengine, yaani mnajua inavyokwenda. Usiku nalala saa nne, saa nane macho makavu. Najikuta nimeshika simu napiga hesabu ileile ambayo nimeshaipiga jana na juzi na jibu ni lilelile. Meseji ya rejesho ilikuwa inaingia asubuhi mapema, basi ikafika mahali simu ikitoa mlio wowote, hata mtu ananitumia salamu, kifua kinabana na viganja vinatoka jasho. Watoto wakawa wananiogopa. Binti yangu mkubwa alikuwa ananiletea chai anaiweka pembeni anaondoka bila kuongea, na mimi nashtuka chai imeshapoa. Nilienda hospitali, presha ikaonekana iko juu, nikapewa dawa na nikashauriwa nipunguze mawazo. Dawa nilimeza na naendelea nazo, sasa mawazo unayapunguzaje na rejesho ni kesho.

Jirani yetu huku juu mlimani kuna bibi mmoja Mkatoliki, mjane, mumewe alikuwa katekista miaka mingi. Ni mtu ambaye ukikaa naye unajisikia umepumzika hata kama hajasema kitu. Siku moja nilienda kumwomba kiberiti akaniangalia akasema, "Mwanangu, wewe hulali." Nikakaa pale kwenye kigoda nikamwambia yote, na nilipomaliza nikategemea ataniambia funga siku kadhaa au nenda kwa mtumishi fulani. Akaniuliza tu, "Na yeye amekwambia nini?" Nikamuuliza nani, akasema, "Si umesema unaomba kila siku. Sasa huyo unayemwomba, amekujibu nini?" Sikuwa na la kusema. Nilikuwa sijawahi kunyamaza nikasikiliza.

Akaenda ndani akatoa Biblia yake, imechoka ina mpira wa kuifunga, akafungua Zaburi ya 131. Ni fupi sana ile, mistari mitatu tu. Akanisomea polepole: "Hakika nimeituliza nafsi yangu, na kuinyamazisha. Kama mtoto aliyeachishwa kifuani mwa mama yake." Akasoma tena. Akanyamaza. Akasoma tena, nikaanza kusikia aibu ya kukaa kimya na mtu, nikataka kusema amina niondoke, yeye katulia tu. Mara ya tatu au ya nne nikalisikia lile neno aliyeachishwa. Nimelea watoto wanne, najua mtoto anayenyonya akiwa kifuani anatafuta, anahangaika, anataka kitu. Aliyeachishwa yuko pale pale kifuani ila hatafuti kitu, amekuja kwa ajili ya mama. Hapo nikajiona mimi. Tangu niokoke sijawahi kwenda kwa Mungu bila kutafuta kitu. Nikalia pale kwa bibi, na haikuwa kile kilio cha mkesha.

Alinifundisha hivi, na ndivyo ninavyofanya mpaka sasa. Unachukua kipande kifupi, mstari mmoja au kisa kimoja cha Injili. Unasoma kwa sauti ya chini, polepole, mara kadhaa, mpaka neno moja likushike. Ukishikwa unabaki hapohapo, husongi mbele hata kama sura haijaisha. Unalirudia, unajiuliza hili linanihusuje mimi wa leo. Halafu unamjibu Mungu kwa kile ulichokiona, kwa maneno yako, hata kama ni malalamiko. Halafu unanyamaza, unakaa naye tu. Sisi wa dagaa tunaelewa hili haraka, dagaa ukiwamwaga juani ukaondoka watakauka juu tu, chini wamebaki wabichi na ndio wataoza gunia zima, inabidi ukae nao uwageuze geuze, na mimi miaka yote nilikuwa namwaga sura tano sita za Biblia kwa siku nawahi kumaliza ratiba ya mwaka bila kugeuza hata mstari mmoja.

Niseme ukweli nilikuwa na wasiwasi. Mambo ya Wakatoliki haya? Na siku hizi mtu akisikia kutafakari anawaza yoga, anawaza watu wamekunja miguu wamefumba macho wanaondoa mawazo yote kichwani, na kanisani tumeonywa kwamba kichwa kitupu ni mlango wa mapepo. Nikaenda kuchunguza mwenyewe kwenye Neno. Yoshua anaambiwa kabisa na Bwana, kitabu hiki cha torati kisiondoke kinywani mwako, bali yatafakari maneno yake mchana na usiku. Zaburi ya kwanza kabisa inamsifu mtu anayeitafakari sheria ya Bwana mchana na usiku. Mariamu, wachungaji wa kondoo wameshaondoka pale horini, Luka anasema aliyaweka maneno hayo yote akiyafikiri moyoni mwake. Hakuna aliyekuwa mtupu hapo, wote walikuwa wamejaa Neno. Kwa hiyo hii si kuondoa mawazo, ni kuweka wazo moja la Mungu katikati ya yale yako mia na kukataa kuliacha. Na hukai na ukimya, unakaa na mtu mwenye jina, Yesu.

Hata historia ilinisaidia. Zile hatua nne za bibi, kusoma, kutafakari, kuomba na kutulia, ziliandikwa kama ngazi ya vipandio vinne na mtawa mmoja anaitwa Guigo wa Pili kule Ufaransa, karne ya 12. Sasa kwa ndugu zangu Waprotestanti mnaosema hayo ni ya watawa, Martin Luther mwenyewe mwaka 1535 alimwandikia kinyozi wake, mtu wa kawaida mwenye kazi ya mikono, kumwelekeza namna ya kuomba. Akamwambia achukue amri moja ya Mungu aisokote kama shada la nyuzi nne, kwanza inanifundisha nini, pili nishukuru nini, tatu nitubu nini, nne niombe nini, na kwamba ikitokea katikati ya hapo Roho Mtakatifu ameanza kukuhubiria, nyamaza, acha maneno yako yote, msikilize yeye. Nilipolijua hilo wasiwasi ukaisha. Kinyozi na muuza dagaa ni watu wa aina moja, wote asubuhi wana wateja.

Nyuma ya nyumba yetu kuna jiwe. Wanaoijua Mwanza wanajua tumejenga kati ya mawe, mlima mzima ni mawe na nyumba zimeshikilia hapo katikati. Jiwe letu juu lina bapa kama kitanda na asubuhi mapema bado lina baridi. Naamka kabla watoto hawajaamka, napanda pale na khanga mbili, moja nakalia moja najifunika. Simu naiacha ndani, na hili lilikuwa gumu kuliko kuamka. Kimya hakipo, msitegemee kimya, kuna adhana, kuna jogoo, kuna jirani redio yake inawaka saa kumi na moja kamili na pikipiki za kwanza zinapanda mlima. Mwanzoni vilinikera, baadaye nikaona kwamba kelele za nje sio shida kabisa, shida ni zile za ndani.

Maana ukikaa tu hivi, yanaanza. Rejesho. Ada. Fulani hajanilipa gunia mbili. Nilikuwa nayafukuza, nakemea shindwa, na yanarudi yameongezeka. Bibi akanambia usiyafukuze, yakabidhi. Akanipa ule mstari wa Petro, "huku mkimtwika yeye fadhaa zenu zote, kwa maana yeye hujishughulisha sana kwa mambo yenu." Wazo likija nalitaja kwa jina, sentensi moja tu, Bwana hili la ada ya huyu mtoto nakutwika wewe, narudi kwenye mstari wangu. Likija tena nataja tena. Kuna asubuhi nzima kazi ilikuwa ni hiyo, kutwika na kurudi, kutwika na kurudi, sijaonja utamu wowote, nashuka jiweni najiona sijafanya kitu. Bibi aliniambia hiyo ndiyo asubuhi nzuri kuliko zote, kwa sababu kila nilipogeuka kurudi nilikuwa namchagua Mungu upya. Siku ambazo hata mstari hausomeki, natumia ile sala fupi ambayo Wakristo wa mashariki, Waorthodoksi, wanaisali miaka na miaka, Bwana Yesu Kristo, Mwana wa Mungu, unihurumie mimi mwenye dhambi, navuta pumzi na nusu yake natoa pumzi na nusu nyingine, polepole. Mwili nao unaelewa. Kifua kinaachia.

Kisa kilichonibeba mimi ni cha Marko 4, Yesu kwenye dhoruba. Nilikaa nacho muda mrefu sana na bado nakirudia. Kile tunachokiita bahari ya Galilaya ni ziwa, urefu wake kama kilometa 21 na upana kama 13, kwa sisi wa Victoria yenye kilometa za mraba zaidi ya elfu 68 ni kama ghuba tu. Ila liko chini ya usawa wa bahari zaidi ya mita 200 na limezungukwa na vilima, upepo unashuka ghafla kutoka juu na maji yanachafuka muda mfupi. Hilo mvuvi wa huku analijua bila kufundishwa. Victoria pia dhoruba zake za hatari ni za usiku kuelekea alfajiri, saa ileile ambayo watu wa dagaa wako katikati ya maji na taa zao. Na Mwanza hatuongelei kuzama kama hadithi. MV Bukoba ilizama hapa karibu na mji tarehe 21 Mei 1996 na makaburi ya wengi yako Igoma, MV Nyerere ikapinduka karibu kabisa na Ukara tarehe 20 Septemba 2018. Kila familia ina mtu anayemjua. Kwa hiyo ukisoma wanafunzi wanamwamsha Yesu, "Mwalimu, si kitu kwako kuwa tunaangamia?", huku kwetu hilo ni swali watu wameliuliza kwa kulia ufukweni.

Nilikaa na swali hilo asubuhi nyingi. Nikagundua kwamba hata mimi kilichokuwa kinaniumiza zaidi hakikuwa deni. Ni lile si kitu kwako. Kwamba labda Mungu ananiona na hajali. Mvua zile niliomba zikome, hazikukoma, na sijawahi kumwambia Mungu waziwazi kwamba nilijisikia amelala, nilikuwa naendelea kumsifu juu juu huku ndani nimemkasirikia. Siku niliyomwambia kwa maneno hayohayo ya wanafunzi, pale juu ya jiwe, nilihisi kama mtu aliyevua mzigo kichwani. Hakunijibu kwa sauti wala sikuona maono. Niliendelea kuangalia tu kile kisa na nikaona amelala juu ya mto, kwenye shetri, yaani sehemu ya nyuma ya chombo. Mtu halali hivyo mahali ambapo anaogopa. Na yeye ndiye aliyesema na tuvuke mpaka ng'ambo, alijua anapoenda, akalala kwa sababu alikuwa anamtumaini Baba yake kwenye maji yaleyale yaliyokuwa yanawatisha wenzake. Nikaomba kitu ambacho sikuwahi kuomba. Nikasema Bwana, kama huamki sasa hivi basi nisogeze karibu na hapo ulipolala.

Halafu ukaja usiku wa mdogo wangu. Yeye anavua dagaa, anakaa kambini kisiwani, giza likiwepo wanaingia ziwani kila usiku. Usiku huo radi ilianza kama saa saba, upepo mkubwa, mabati ya jirani yakang'oka nikiyasikia yanaburuzwa kwenye mawe. Nikampigia, simu haipatikani. Nikapiga kwa mwenzake, haipatikani. Mama yetu yuko kijijini akaanza kunipigia mimi. Miaka ya nyuma usiku kama ule ningetembea chumbani nikipiga kelele mpaka asubuhi. Niliomba, tena niliomba kwa sauti na machozi, sitaki mtu afikirie kutafakari kunamfanya mtu awe jiwe. Lakini nilipoishiwa maneno nilijikuta najua pa kwenda. Nikakaa chini sakafuni nimeegemea kitanda, nikaanza, "Siku ya hofu yangu nitakutumaini wewe," Zaburi ya 56, nimekaa nayo wiki kadhaa kabla bila kujua naiandalia nini. Wazo la mtumbwi umepinduka likija namtwika, narudi. Likija la kumwambia mama nini, namtwika, narudi. Binti yangu akaamka akaja akakaa karibu yangu, hakuuliza kitu, baadaye akaanza kuirudia na yeye kwa sauti ndogo, tukawa wawili.

Nataka nieleze vizuri ile amani maana ndiyo sababu ya kuandika yote haya. Haikuwa uhakika kwamba yuko hai. Watu wengine hushuhudia kwamba Mungu aliwaambia usiogope fulani yuko salama, mimi hakuniambia. Tumbo lilikuwa limekaza, miguu ya baridi, niliogopa sana. Ila chini ya hofu kulikuwa na mahali ambapo hofu haikufika, na mahali hapo nilijua, kwa namna ambayo ningeweza kuapa, kwamba mdogo wangu popote alipo, juu ya maji au chini ya maji, hajatoka mikononi mwa Mungu, na mimi pia. Paulo anasema amani ya Mungu ipitayo akili zote. Niliisoma miaka mingi kama maneno mazuri ya mwisho wa ibada. Usiku ule ndio niliielewa, maana akili yangu ilikuwa bado inapiga hesabu za msiba na amani ilikuwa imekaa palepale pembeni yake.

Saa tatu asubuhi simu ikaita, namba ngeni, ni yeye. Walitupa nyavu, wakapoteza taa na injini, upepo ukawasukuma mpaka kwenye kisiwa kingine wakatokea wote wazima. Nikapiga magoti. Baada ya hapo akaniambia kwamba mtumbwi mwingine wa kambi yao haukurudi. Walipatikana wawili, wawili hawakupatikana. Mmoja wao namfahamu, nilishawahi kununua mzigo kwake, alikuwa na mke na mtoto mdogo.

Jumapili kanisani walijua habari, wakaniita mbele nishuhudie. Nilishukuru kwa ajili ya mdogo wangu, nikasema jina la Yesu litukuzwe, nikaishia hapo. Walitegemea niseme niliomba na Mungu akajibu kwa sababu niliomba kwa imani. Sikuweza. Yule mke wa mvuvi ambaye hakurudi naye aliomba usiku uleule, labda kwa imani kuliko mimi, nitasemaje Mungu alinisikia mimi na yeye akamwacha? Wiki hiyo nilirudi Marko 4 kwa hasira kidogo na nikasimama kwenye maneno ambayo nilikuwa nayapita kila siku, mstari wa 36, "na vyombo vingine vilikuwako pamoja naye." Yesu alikuwa kwenye chombo kimoja, ila kulikuwa na vingine. Marko hasemi tena habari zao. Hatujui walikuwa akina nani, walipiga kelele kiasi gani, nani alikuwa anawasubiri ufukweni. Nilikaa na vile vyombo vingine siku nyingi. Sijapata jibu la kwa nini na siamini kwamba nitalipata nikiwa hapa duniani. Nilichopata ni kwamba nilianza kumwombea yule mama kwa jina kila asubuhi, na baadaye nikaenda kumwona. Sikumpelekea mahubiri. Nilimpelekea unga na mafuta na tukakaa, na nilishangaa kwamba niliweza kukaa na mtu aliyefiwa bila kusema Mungu ana makusudi yake. Kukaa kimya mbele za Mungu kulikuwa kumenifundisha kukaa kimya mbele ya mtu. Alipotaka tuombe tulisoma Zaburi ya 88, ile inayoanza kwa kulia na kuishia gizani bila kumalizia kwa sifa. Akasema hakujua kama hiyo nayo imo kwenye Biblia. Akaniomba nimwandikie namba ya hiyo Zaburi kwenye karatasi.

Wengine wataniuliza sasa biashara vipi. Madeni sijamaliza. Mungu hakunitumia mtu na bahasha. Kilichobadilika ni kwamba hofu ilipolegea nikaanza kuona mambo ambayo yalikuwa mbele yangu siku zote. Nilienda mwenyewe kwa wale wanaonidai, nikasema hali yangu ilivyo, wawili wakakubali nirejeshe kidogo kidogo, mmoja akakataa, na huyo aliyekataa nikauza friji nikamlipa tukamalizana. Nikaacha kukopa ili kurejesha. Nikaungana na wenzangu tukatengeneza chanja za kuanikia zilizoinuka kutoka chini na maturubai ya kufunika, mvua ikija hasara inapungua. Hayo yote yanaonekana ni akili ya kawaida, lakini mtu aliyeamka saa nane kila usiku miezi mingi hana hiyo akili ya kawaida. Yesu anasema msisumbukie ya kesho, yatosha kwa siku maovu yake. Nilikuwa nadhani anatuambia tusipange. Kumbe aliyeacha kuisumbukia kesho ndiye anayeweza kuipanga.

Kwa anayetaka kuanza, usianze na muda mrefu, robo saa inatosha kabisa na kama una mtoto mchanga hata dakika tano ni zako. Chukua kipande kifupi na ukae nacho wiki nzima. Usitafute kusisimka, siku nyingi hutasikia kitu, na siku utakayoihitaji utakuta Neno limeshakaa. Usikae peke yako muda wote, tafuta mtu kama bibi yangu, mwaminifu, ambaye utamweleza unachokiona, maana moyo unaweza kukudanganya na kila sauti si ya Mungu. Na mpendwa, kama hulali kabisa, huli, au unawaza kujidhuru, nenda hospitali leo hii na umwambie mtu wa nyumbani kwako, mimi nilikuwa nameza dawa za presha na natafakari, na sikuona ugomvi kati ya hivyo viwili. Shetani anafurahi sana mtu akiambiwa ugonjwa wake ni upungufu wa imani.

Alhamisi jioni mimi na bibi bado tunakutana kwake, siku hizi na binti yangu anakuja, na yule mama mjane alikuja mara moja na ameahidi kurudi. Tupo kwenye Marko 10, Bartimayo yule kipofu wa Yeriko. Yesu anasimama na kumuuliza, "Wataka nikufanyie nini?" Bibi ametupa hilo swali tukae nalo mpaka wiki ijayo kila mtu ajibu mwenyewe. Zamani ningelijibu kabla hajamaliza kusoma, nilikuwa na orodha. Sasa hivi nimekaa nalo tangu Alhamisi, jibu la kwanza lililokuja ni madeni, nikaliacha hapo nikaendelea kukaa, na leo asubuhi limeanza kuja lingine ambalo linahusu mimi na mama yangu na mambo ya zamani kidogo. Hilo nitaanza kulisema kwa bibi kwanza.